Saini Iliyokosekana: Kisa cha Waziri Fukushima Mizuho

Ijumaa ya Mei 28, 2010, jioni, mawaziri wa Japani walikutana Tokyo kwa kikao cha dharura. Hati iliyowekwa mezani ilihusu kambi moja ya jeshi la Marekani kisiwani Okinawa, na ili iwe uamuzi wa serikali ilihitaji saini ya kila waziri. Saini hiyo haitiwi kwa kalamu ya mfukoni. Kwa desturi ya tangu zamani, waziri wa Japani hushika brashi na kuchora kwa wino alama yake mwenyewe, iitwayo kao. Jioni ile brashi ya mtu mmoja haikugusa karatasi, na usiku haukuisha kabla mwenyewe hajavuliwa uwaziri.

Mtu huyo ni Fukushima Mizuho, wakili wa Tokyo aliyeingia bungeni mwaka 1998 na kushika uongozi wa Chama cha Kijamii cha Kidemokrasia mwaka 2003. Naandika jina la ukoo kwanza, kama Wajapani wenyewe wanavyofanya. Tena jina lake halihusiani na mkoa wa Fukushima, ambako kinu cha nyuklia kiliharibika Machi 2011. Kisa hiki kilitokea miezi kumi kabla ya hapo.

Kwa kawaida kisa chake husimuliwa kama cha mwanamke mwenye msimamo aliyekabiliana na mamlaka. Ni kweli, lakini kuna jambo linaachwa pembeni. Mimi naona kisa hiki kilianza miezi minane na nusu kabla, siku chama chake kilipokubali mkataba wa serikali ya mseto wenye maneno yasiyombana mtu. Wakili aliyekuja kukataa kutia saini hati ya pili alikuwa ameshatia saini ya kwanza.

Kabla ya uwaziri

Alizaliwa Desemba 24, 1955, mjini Nobeoka, mkoa wa Miyazaki, kisiwa cha Kyushu. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Tokyo, akafaulu mtihani wa taifa wa uanasheria mwaka 1984, enzi ambazo watahiniwa waliofaulu walikuwa takriban wawili katika kila mia. Akaanza kazi ya uwakili mwaka 1987.

Kesi alizozichukua zilikuwa za watu ambao sheria yenyewe ndiyo iliyowaumiza. Sheria ya ndoa ya Japani inawalazimisha mume na mke watumie jina moja la ukoo, na kwa vitendo wanaoacha jina lao ni karibu wote wanawake. Fukushima alipigania kila mtu abaki na jina lake, na yeye na mwenzake wa maisha, naye wakili, waliishi bila kuisajili ndoa yao kwa sababu hiyohiyo. Alitetea watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambao kisheria walirithi nusu ya fungu la ndugu zao. Ubaguzi huo Mahakama ya Juu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba mwaka 2013. Alikuwa pia miongoni mwa mawakili wa wanawake wa Korea walioishtaki serikali ya Japani mwaka 1991 kwa utumwa wa kingono waliolazimishwa na jeshi lake wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Nayataja haya kwa sababu yanaeleza jicho lake. Mtu aliyetumia miaka zaidi ya kumi kuwaeleza majaji jinsi mstari mmoja wa sheria unavyoweza kumharibia mtoto maisha hawezi kuiona saini kama utaratibu tu wa ofisi.

Chama alichojiunga nacho kilikuwa na kidonda chake, na kidonda hicho kilikuwa Okinawa. Mwaka 1994 kiongozi wake wa wakati huo, Murayama Tomiichi, alipata uwaziri mkuu kwa kuungana na mahasimu wa miaka mingi, chama cha Kiliberali na Kidemokrasia, LDP. Kufumba na kufumbua akakubali mkataba wa ulinzi na Marekani ambao chama chake kilikuwa kimeupinga tangu mwanzo. Mwaka uliofuata gavana wa Okinawa, Ota Masahide, alikataa kutia saini hati za kukodisha kwa nguvu ardhi za kambi badala ya wenye ardhi waliogoma. Waziri mkuu akamfikisha gavana mahakamani, na waziri mkuu huyo alikuwa Murayama, msoshalisti. Ota alishindwa Mahakama ya Juu Agosti 1996. Chama cha Murayama, kilichokuwa na wabunge 70 katika baraza la chini la bunge mwaka 1993, kilitoka uchaguzi wa 1996 na wabunge 15.

Ota mwenyewe baadaye aliingia bungeni kwa tiketi ya chama hichohicho, akakaa humo kuanzia 2001 hadi 2007, bega kwa bega na Fukushima. Kwa hiyo waziri huyu alijua, tena kwa kusikia kutoka kinywani mwa aliyetendwa, nini maana ya kukataa kutia saini juu ya ardhi ya Okinawa.

Kambi katikati ya mji

Kambi ya Futenma ni uwanja wa ndege wa wanamaji wa Marekani, karibu hekta 480, uliokaa katikati ya mji wa Ginowan kama tundu katikati ya andazi. Nyumba, shule na hospitali zimeuzunguka pande zote. Agosti 13, 2004 helikopta ya kambi hiyo ilianguka kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Okinawa, mlango wa pili tu. Okinawa ina takriban asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, lakini takriban asilimia 70 ya eneo lote linalotumiwa na jeshi la Marekani peke yake nchini humo liko pale. Hali hiyo haikubadilika sana hata baada ya Marekani kuirudisha Okinawa kwa Japani mwaka 1972.

Mwaka 1995 wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumnajisi mtoto wa shule wa miaka 12. Wananchi wakafurika mitaani. Aprili 1996 serikali za Japani na Marekani zikatangaza kuwa Futenma itarudishwa ndani ya miaka mitano hadi saba. Ila kulikuwa na sharti: kwanza ipatikane sehemu ya badala. Mahali palipochaguliwa ni Henoko, pwani ya mji wa Nago, humohumo Okinawa, na mpango wa mwaka 2006 ulitaka bahari ijazwe udongo ili zijengwe njia mbili za ndege. Kwa mtu wa Okinawa huo ulikuwa mzigo kutolewa bega la kushoto kupelekwa la kulia.

Julai 2009, Hatoyama Yukio, kiongozi wa upinzani wa Chama cha Kidemokrasia, alikwenda Okinawa kutafuta kura na kusema kambi hiyo itahamishiwa angalau nje ya mkoa. Agosti 30 chama chake kilishinda viti 308 kati ya 480.

Karatasi ya Septemba

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, ila haukutosha. Katika baraza la juu, Chama cha Kidemokrasia peke yake hakikuwa na wingi wa kura wa uhakika, kwa hiyo kilihitaji vyama viwili vidogo. Kimoja kilikuwa cha Fukushima, chenye wabunge saba katika baraza la chini na watano katika la juu.

Makubaliano yalitiwa saini Septemba 9, 2009. Fukushima na wenzake walishinikiza Okinawa iandikwe, na ikaandikwa: kwa ajili ya kupunguza mzigo wa watu wa Okinawa, serikali itapendekeza kurekebisha makubaliano ya hadhi ya majeshi ya Marekani, yaani yale yanayosimamia hali ya kisheria ya wanajeshi hao nchini, na suala la kambi itaendea katika mwelekeo wa kuliangalia upya.

Maneno hayo yasomwe polepole. “Katika mwelekeo wa kuliangalia upya.” Futenma haikutajwa, wala Henoko, wala nje ya mkoa, wala tarehe. Tena ni maneno yaleyale yaliyokuwa kwenye ilani ya uchaguzi ya Chama cha Kidemokrasia. Kwa maana nyingine, chama kidogo kilitoka kwenye mazungumzo na kile ambacho chama kikubwa kilikuwa tayari kukitoa tangu mwanzo. Ahadi ya kweli, ile ya kuhamishia nje ya mkoa, ilibaki kwenye kinywa cha mtu jukwaani.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Wakili wa mikataba angemwambia mteja wake kwamba ahadi ya mdomo isiyoingia kwenye karatasi huisha nguvu siku ile karatasi inapotiwa saini. Najua jibu la upande wake: chama chenye wabunge kumi na wawili hakina nguvu ya kumlazimisha mwenye mia tatu, na kungoja maneno bora kungemaanisha kubaki nje kabisa. Jibu hilo lina uzito, lakini siku zile za Septemba ndizo zilikuwa siku pekee ambazo chama kidogo kilihitajika kweli, kabla serikali haijaundwa. Baada ya hapo kila mwezi uliopita ulimpunguzia uwezo wa kudai.

Septemba 16 akaapishwa kuwa waziri wa nchi wa masuala ya walaji na usalama wa chakula, upungufu wa watoto wanaozaliwa, na usawa wa kijinsia. Wizara yake haikugusa kambi hata kwa mbali, na jambo hilo lina maana kubwa kwa yaliyofuata.

Miezi ya kusogeza mbele

Novemba 2009 Hatoyama alikutana na Rais Obama Tokyo na kumwomba amwamini kuhusu Futenma. Wakati huohuo watu wa Okinawa nao walikuwa wanaamini. Mtu mmoja alikuwa na wadai wawili, na kulipa mmoja kulikuwa ni kumdhulumu mwingine.

Mapema Desemba, zilipovuma habari kwamba serikali itarudi Henoko kabla ya mwaka kwisha, Fukushima alisema hadharani kuwa hilo likitokea chama chake kitalazimika kuamua jambo zito. Hatoyama akarudi nyuma na kuahidi uamuzi mwishoni mwa Mei. Wengi waliuona huo kuwa ushindi wa Fukushima. Mimi naona ulikuwa ushindi wa muda tu, maana alipata miezi mitano bila kupata sentensi hata moja mpya iliyoandikwa. Huu ndio ungekuwa wasaa wa kudai karatasi ya Septemba ifanyiwe nyongeza.

Januari 2010 wapiga kura wa Nago walimchagua meya anayepinga kambi, Inamine Susumu. Serikali ikazungusha macho hadi kisiwa cha Tokunoshima, mkoa wa Kagoshima, na huko wakazi wakakusanyika kwa maelfu kukataa. Aprili 25 mkutano wa hadhara ulifanyika Yomitan, Okinawa, na waandaaji walihesabu watu wapatao 90,000, akiwemo gavana Nakaima Hirokazu. Mei 4 Hatoyama akatua Okinawa kwa mara ya kwanza tangu awe waziri mkuu, akasema kuhamisha vyote nje ya mkoa ni vigumu. Alieleza kuwa kadiri alivyojifunza ndivyo alivyoelewa umuhimu wa wanamaji kisiwani humo katika kumtia adui hofu asithubutu. Mei 23 akarudi tena na kutaja Henoko.

Siku mbili baadaye Fukushima, akiwa bado waziri, alipanda ndege kwenda Okinawa, akamkuta gavana na kumwambia hakubaliani na mpango wa serikali. Waliomzunguka Hatoyama waliona huo ni uasi. Kwa waziri wa walaji kusafiri kwenda kupinga sera ya ulinzi ya serikali yake, wana haki ya kuona hivyo.

Jioni yenyewe

Asubuhi ya Mei 28 Japani na Marekani zilitoa tamko la pamoja la mawaziri wao wa mambo ya nje na ulinzi. Henoko ilitajwa kwa jina. Kilichobaki ni baraza la mawaziri kuamua namna ya kulitekeleza tamko hilo.

Hapa sheria yenyewe inahitaji maelezo. Ibara ya 66 ya katiba ya Japani inasema baraza la mawaziri, katika kutumia madaraka ya utendaji, linawajibika kwa pamoja mbele ya bunge. Kutokana na hapo imejengeka desturi kwamba maamuzi ya baraza ni ya kauli moja. Haipigwi kura ya wengi. Hakuna waziri wa kuandika pembeni kwamba ametia saini huku akipinga. Mmoja akikataa, hakuna uamuzi. Ndiyo maana ibara ya 68 inampa waziri mkuu uwezo wa kumwondoa waziri yeyote apendavyo, kwa kuwa bila uwezo huo mtu mmoja angeweza kuifunga serikali nzima.

Kwa utaratibu huo, hoja kwamba kambi si kazi ya wizara yake inaanguka. Brashi yake ingegusa karatasi, angekuwa mmoja wa waandishi wa uamuzi wa Henoko sawasawa na waziri wa ulinzi. Mbele ya bunge angewajibika kuutetea.

Kulikuwa na njia nyepesi. Waziri mkuu anaweza kutoa kauli yake mwenyewe bila saini za wengine, na siku zile njia hiyo ilijadiliwa. Ingemwachia Fukushima nafasi ya kubaki huku akisema hayo ni maneno ya Hatoyama. Mwishowe ukachaguliwa uamuzi kamili wa baraza. Ninavyoona, hapo Hatoyama alifanya sawa. Serikali iliyotangaza jambo zito hivyo kwa nchi nyingine, kisha ikawaacha mawaziri wake waseme halituhusu, isingekuwa imeamua chochote.

Fukushima alibakiwa na njia tatu. Angeweza kutia saini na kubaki, na kurudia njia ya Murayama. Angeweza kujiuzulu, na ndivyo Hatoyama alivyomtaka afanye. Au angekataa yote mawili. Alichagua ya tatu: hakutia saini, na hakujiuzulu. Alisema hawezi kuisaliti Okinawa. Hatoyama akamfuta kazi, na majukumu yake yakashikwa kwa muda na katibu mkuu wa baraza la mawaziri, Hirano Hirofumi.

Kwa nini asijiuzulu, ikiwa matokeo ni yaleyale? Waliouliza swali hili walimwona mkaidi. Lakini barua ya kujiuzulu huandikwa na anayeondoka, na sababu hubaki juu yake. Kufutwa kazi ni kitendo cha waziri mkuu. Yeye hakuwa amebadilika tangu Septemba, aliyebadilika ni mwenzake, na alitaka kumbukumbu za serikali ziseme hivyo. Kabla yake, tangu katiba ya 1947 ianze kutumika, ni mawaziri wanne tu waliokuwa wameondolewa kwa njia hiyo. Wa karibuni alikuwa waziri wa kilimo Shimamura Yoshinobu mwaka 2005, aliyekataa kuridhia kuvunjwa kwa baraza la chini katika ugomvi wa kubinafsisha posta. Sehemu hii ya kisa ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, maana ni uwakili mtupu: alijali nani ataandikwa kuwa ndiye aliyetenda.

Nani alilipa

Mei 30 chama chake kiliamua kutoka serikalini. Juni 2 Hatoyama alitangaza kujiuzulu, akiwa amekaa madarakani miezi isiyofika tisa, na Kan Naoto akachukua nafasi.

Chama cha Fukushima hakikuvuna. Katika uchaguzi wa baraza la juu wa Julai 11 kilipata viti viwili, kimoja chake mwenyewe. Tsujimoto Kiyomi, nyota wa chama aliyekuwa naibu waziri wa ardhi na uchukuzi, aliiacha kazi hiyo kwa machozi kwa sababu chama kimetoka, na kabla Julai haijaisha akakiacha na chama. Hoja yake haikuwa ya mtu mwepesi: mtu akiwa ndani ya serikali anaweza kusukuma mambo yanayowagusa watu kila siku, na nje anabaki na sauti tu. Mwaka 2020 chama kiligawanyika, wengi wakaenda chama kikubwa zaidi cha upinzani, na Fukushima akabaki na wachache kabisa.

Hatoyama naye alirudi kwenye jambo hili. Februari 2011 aliwaambia waandishi wa magazeti ya Okinawa kwamba hoja ya kumtia adui hofu aliitumia kama kisingizio, baada ya kukosa namna ya kutimiza alichoahidi. Kwa anayetaka kupima kama Fukushima alikosea kukataa, ushahidi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa umetoka kwa mtu aliyemfuta kazi.

Mpango wa Henoko haukukoma. Gavana Nakaima, aliyekuwa pale Yomitan, aliidhinisha kujaza bahari Desemba 2013. Mrithi wake Onaga Takeshi akafuta kibali hicho, serikali ikamshinda Mahakama ya Juu mwaka 2016, na Desemba 2018 udongo ukaanza kumwagwa. Februari 2019 kura ya maoni ilifanyika mkoani, na takriban asilimia 72 ya waliopiga kura walikataa. Udongo uliendelea kumwagwa.

Baadaye ikaonekana sakafu ya bahari upande wa ghuba ya Oura ni laini, na ikabidi michoro ibadilishwe. Kibali cha mabadiliko hayo kilimhitaji gavana. Gavana Tamaki Denny akakataa kukitoa. Desemba 28, 2023 waziri wa ardhi na uchukuzi, Saito Tetsuo, alikiidhinisha badala ya gavana, baada ya mahakama kumruhusu.